Waya wa Kutosha na Ethi kwa Mashine ya Bandani

  

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na wakulima wengi wamenunua mashine za kupukuchua mahindi au za kukatakata majani ya ng'ombe. Jambo jema kabisa. Lakini kabla hujavuta waya kutoka nyumbani mpaka bandani, yako mambo mawili ya kuyajua: unene wa waya, na ethi, yaani waya wa ardhini.

Kwanza, unene wa waya. Umeme hupungua nguvu njiani, kama maji yanayopita katika mpira mrefu mwembamba. Tuseme mashine yako ina mota ya fezi moja ya kilowati 2.2, yaani nguvu za farasi 3, na banda liko mita 60 kutoka nyumbani. Mota hiyo huvuta kiasi cha ampea 14. Ukitumia waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, volti 15 hivi zitapotea njiani kati ya volti 230. Wakati wa kuwashwa, mota huvuta mara tano ya hapo au zaidi, na volti zinazopotea huongezeka sana. Basi mota itanguruma tu bila kuzunguka, itapata moto, na mwisho itaungua. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba, zitapotea volti 6 tu mashine ikiwa kazini. Waya huo ni ghali zaidi, lakini utaiokoa mota yako isiungue.

Na fyuzi ikikatika mara kwa mara, usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi ndiyo inayolinda waya usiungue.

Pili, ethi. Huu ni waya wa kijani wenye mistari ya njano, unaofungwa kwenye chuma cha mashine. Waya wa umeme ukichubuka ndani ukagusa chuma, mashine nzima huwa na umeme, nayo huendelea kuzunguka kama kawaida. Mtoto akiigusa akiwa pekupeku, mauti.

Utaniuliza, "Je, nikichimbia fimbo ya chuma ardhini si yatosha?" Haitoshi, ndugu yangu. Udongo hupitisha umeme kwa shida, hasa wakati wa kiangazi. Ukinzani wa ardhi ukiwa omu 50, zitapita ampea 4 na nusu tu. Fyuzi ya ampea 20 haitakatika. Kwa hiyo pamoja na fimbo na waya wake, iwepo swichi inayojizima umeme unapovuja, ya miliampea 30. Swichi hiyo ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi. Isipojizima, ita fundi.

Kazi yenyewe mwachie fundi mwenye leseni. Yako wewe ni kumwuliza maswali matatu kabla hujamlipa: Waya huu ni wa milimita ngapi? Ethi imefungwa kwenye chuma cha mashine? Swichi ya umeme unaovuja iko wapi? Akuonyeshe kwa kidole.

Kwaheri, ndugu mkulima, na kazi njema.