Muulizeni Mzee Kwanza



Wahitimu, mnaondoka hapa chuoni mkiwa wahandisi na wauguzi. Nina neno linalowahusu nyote: roboti za kumsaidia mzee aendelee kuishi kwake kwa kujitegemea.

Mwaka 2015, taasisi ya RIKEN ya Japani ilionyesha Robear, roboti yenye sura ya dubu iliyoweza kumnyanyua mgonjwa kitandani na kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Ilisifiwa sana, lakini ikabaki ya majaribio. Paro, roboti ya umbo la sili mchanga mwenye manyoya meupe, hainyanyui hata kikombe. Hutikisa kichwa na kulia inapopapaswa. Hiyo ndiyo iliyoingia sokoni na kupokewa katika makao ya wazee ya nchi nyingi. Nguvu ya mashine peke yake haimfungulii mtu moyo.

Huko Marekani, watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech waliwauliza wazee wangependa roboti iwafanyie nini. Kufanya usafi, kuokota kilichoanguka, kukumbusha saa ya dawa: hayo wengi waliyaridhia. Kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa, walitaka mikono ya mtu. Hata kwenye dawa waliweka mpaka: roboti ikumbushe, lakini isiamue dawa ipi inywewe. Wazee hao hawakuikataa mashine; waliigawia kazi, kama mwenye nyumba anavyostahili kufanya.

Kesho atakuja kwenu mtoto aliye mjini, ana fedha mkononi, anataka kifaa cha kumwangalia mama yake kijijini. Atazungumzia kamera na simu yake. Mama hatakuwepo kwenye mazungumzo hayo, ilhali ndiye atakayeishi na kamera hiyo chumbani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Basi wahandisi, kabla ya kuchora chochote nendeni mkaketi na huyo mama. Kifaa kizungumze lugha yake, na kitufe cha kukizima kiwe mkononi mwake. Wauguzi, ninyi mnaijua stara ya mzee. Semeni pale mashine inapovuka mpaka. Na mama akisema hataki, heshimuni jibu lake, hata kama mlipaji ni mwanawe.