Faida na Hasara za Kuyeyusha Vyuma Vikuukuu

Chuma kikuukuu si takataka. Mhunzi hulitwaa jembe lililochakaa akafua kisu. Na alumini kuukuu huyeyushwa ikawa sufuria kwa nguvu zipatazo sehemu 5 tu katika 100 za zile zitakiwazo kuitoa madinini.

Lakini risasi iliyomo katika betri za motokaa ni sumu, hasa kwa watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuiyeyusha kilifungwa mwaka 2014, wenyeji wakiwa wamekwisha kudhurika. Na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia.

Basi twawasihi: uzeni vyuma, bali betri msizipasue wala kuziyeyusha uani. Mrudishieni muuza betri, azipeleke kiwandani penye ruhusa.