Fundo Salama la Mpandaji

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme neno litakalowafaa vijana, nami nimekuja na kamba. Msicheke. Mji wetu unaitwa Mpanda, na kweli watu wa mkoa huu hupanda. Huko Inyonga na kwingineko wilayani Mlele, warina asali hutundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miyombo, mbali na nyegere. Mizinga hupandishwa na kuteremshwa kwa kamba, na mara nyingi asali hurinwa usiku. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao huteremka mashimoni kwa kamba. Wengi wenu mtafanya kazi hizo, au mnao ndugu wanaozifanya. Mmoja akianguka, nyumba nzima imeanguka.

Fundo ninalotaka mlijue ni lile ambalo wapanda miamba wa nchi nyingi hujifungia. Huitwa fundo la nane, kwa kuwa umbo lake ni la tarakimu 8. Hufungwa hivi.

Kwanza, pima kama meta 1 kutoka kwenye ncha ya kamba. Kunja kitanzi kwa kupitisha ncha juu ya kamba ndefu, izungushe nyuma ya kamba hiyo, kisha irudishe mbele na uipenyeze ndani ya kitanzi. Utaiona nane.

Pili, pitisha ncha kwenye mkanda wa kupandia, ule unaoshika kiuno na mapaja. Kamba iliyofungwa kiunoni tu humbana pumzi mtu aking'inia.

Tatu, rudisha ncha ndani ya nane, ikifuata njia ileile ubavu kwa ubavu, mpaka itokee ilikoanzia.

Nne, nyoosha kamba zisipandane, kisha kaza kwa kuvuta kila upande. Ncha inayobaki isipungue shubiri moja.

Sasa hesabu kamba zilizolala pamoja: mbili, nne, sita, nane, kumi. Ukipata jozi tano, fundo limekamilika.

Mtaniuliza, kwa nini tusitumie mafundo tuliyoyazoea? Kitanzi cha kukamatia mbuzi hujikaza kadiri kinavyovutwa, na kitamkaza mtu vilevile. Fundo la kufungia kuni kwenye baiskeli huweza kulegea likitikiswa. Tena tazameni kamba yenyewe. Katani huoza kwa unyevu, nailoni huchakaa kwa jua, na kamba ya magome iliyofaa kufungia mzinga haifai kubeba mtu. Fundo jema kwenye kamba mbovu ni kazi bure.

Hata hivyo, kubwa kuliko kufunga ni kukagua. Yuko mwanamke wa Marekani, Lynn Hill, mmoja wa wapanda miamba hodari kabisa duniani. Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, alipenyeza kamba kwenye mkanda wake akasahau kumalizia fundo. Akapanda mpaka juu. Alipoegemea kamba ili ateremshwe, ikachomoka, naye akaanguka zaidi ya meta 20. Matawi ya mti yalimpunguzia kishindo, akaumia lakini akapona. Mwaka 1993 huyohuyo akawa mtu wa kwanza kuipanda njia ya Nose, katika mwamba wa El Capitan, kwa nguvu za mikono na miguu yake, kamba ikiwa ya kumkinga tu asianguke.

Ndugu zangu, fundo lile alilijua kuliko sisi sote tuliomo ukumbini humu. Ujuzi haukumlinda siku ile. Jicho la mwenzake, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, lingemlinda. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Mimi naongeza: mkague kabla hajapanda.

Hapa kwetu kipo kikwazo kimoja. Mdogo huona haya kumwambia mkubwa kwamba fundo lake halijakamilika, na mkubwa huona amedharauliwa akiambiwa. Haya hiyo inaweza kuua mtu. Ninyi vijana, mkiwa chini ya mti na baba au babu, semeni kwa adabu: "Shikamoo mzee. Naomba nilione fundo lako." Nasi wakubwa tujibu: "Marahaba, mwanangu, tazama." Hakuna heshima iliyopungua hapo. Mzee atapanda, na mzee atashuka.

Kamba hii namwachia Ndugu Mkuu wa Shule. Jifunzeni wawili wawili, miguu ikiwa chini, mmoja akifunga na mwingine akihesabu, kisha mbadilishane. Kabla ya kupanda kweli, tafuteni mtu aliyefundishwa kazi hiyo awasimamie.