Ukungu wa Jicho Si Uzee wa Kuvumiliwa

Katika vijiji vya pwani kama Mkwaja, wilayani Pangani, ambako wavuvi hushinda juani huku mwanga ukiwarudia kutoka majini, uoni unaofifia huhesabiwa mara nyingi kuwa sehemu ya uzee, ilhali chanzo kikuu cha upofu duniani, yaani mtoto wa jicho, kinatibika. Maradhi haya hutokea pale lenzi iliyo nyuma ya mboni inapopoteza uangavu wake na kuingia ukungu. Hakuna dawa ya matone inayouondoa, bali daktari huitoa lenzi hiyo kwa upasuaji mfupi, jicho likiwa limetiwa ganzi, na kuweka ya bandia mahali pake.

Presha ya macho ni hatari zaidi, kwa kuwa huuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka taswira kwenye ubongo, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Matone ya kila siku au upasuaji huzuia tu uharibifu usiendelee, na ndiyo maana kila aliyefikisha miaka 40, hasa mwenye ndugu aliyeugua, anapaswa kupimwa.

Macho mekundu, yaliyoenea Dar es Salaam na mikoa mingine mwanzoni mwa 2024, kwa kawaida huletwa na virusi na hupona yenyewe, mradi mgonjwa anawe mikono, asichangie taulo, wala asitie jichoni mkojo, maziwa ya mama au dawa ya kuazima. Jicho linalouma sana, au linaloingia giza ghafla, lifikishwe hospitali, kama ile ya rufaa ya Bombo jijini Tanga, siku hiyo hiyo.