Kwa Walimu Wapya wa Fizikia wa Beni na Butembo

Ninyi wazazi mliogeuza kakao ya Beni na viazi vya Lubero kuwa minervali, ada ya masomo: wasingya, asanteni.

Wahitimu wa fizikia, leo nataka kuwaambia habari za Abdus Salam. Alizaliwa mwaka 1926, akakulia Jhang, mji mdogo wa nchi ambayo sasa ni Pakistani. Alisoma Cambridge, na mwaka 1951 akarudi kwao kufundisha Lahore. Huko hakupata mtu wa kujadiliana naye utafiti, na chuo kikampa timu ya mpira aisimamie. Alivumilia miaka mitatu. Mwaka 1954 akarudi Uingereza, kwa sababu aliona akibaki, fizikia itamfia mikononi.

Huko Uingereza ndiko alikoonyesha, sawa na wanafizikia Glashow na Weinberg kila mmoja kwa njia yake, kwamba sumakuumeme na ile nguvu dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu, ambayo bila hiyo jua lisingewaka, zina asili moja. Mwaka 1979 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1983 chembe zilizotabiriwa na nadharia hiyo zikaonekana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva.

Mimi namheshimu zaidi kwa kazi nyingine. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia Trieste, Italia, ili mwanasayansi wa nchi maskini aende miezi michache, asome na wenzake, kisha arudi kwa wanafunzi wake. Hakutaka mwingine alazimike kuchagua kati ya nchi yake na elimu yake.

Ninyi mnakwenda Oicha, Kyondo, Mangurejipa. Wengi mtakuwa mwalimu pekee wa fizikia shuleni, na vita vikifunga barabara hamtafika hata mjini. Upweke huo msiudharau. Ulimshinda Salam, mwenye kipaji kuliko sisi sote humu ukumbini.

Basi nawaomba tuanzishe chama chetu. Kila Jumamosi mmoja atume kwenye WhatsApp zoezi lililomshinda, au jaribio alilolifanya darasani bila maabara, na wenzake wamjibu. Barabara ikiwa salama, tukutane, mara Beni, mara Butembo. Karatasi ya majina na namba za simu iko mezani kwa katibu wa kitivo. Wanaokwenda Oicha na Mangurejipa waandike kwanza, maana safari yao ni ndefu.