Malezi ya Dini na Wema kwa Mtu Baki



Mwaka 2015 Jean Decety wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walichapisha utafiti uliohusu watoto 1,170 wa nchi sita, zikiwemo Jordan, Uturuki na Afrika Kusini. Kila mtoto alipewa stika, kisha akaulizwa angependa kuwagawia ngapi wenzake waliokosa. Magazeti yakatangaza kwamba watoto wa nyumba zenye dini ni wachoyo zaidi.

Mwanasaikolojia Azim Shariff na wenzake walipozipitia hesabu za utafiti huo walikuta kosa: namba za kutambulishia nchi zilikuwa zimehesabiwa kana kwamba ni vipimo. Kosa liliporekebishwa, tofauti nyingi zilizodhaniwa kutokana na dini ya wazazi zilionekana kutokana zaidi na nchi walizotoka watoto. Utafiti huo uliondolewa mwaka 2019, lakini wapo wanaoutaja hadi leo.

Hata hivyo, tusishangilie. Kufutwa kwa utafiti huo hakumfanyi mwema mtoto aliyehitimu juzuu au aliyepata kipaimara. Mwaka 1973 wanasaikolojia Darley na Batson waliwajaribu wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani, waliokuwa wakienda kuzungumza mbele ya watu, baadhi yao kuhusu mfano wa Biblia wa Msamaria Mwema, aliyemsaidia mtu baki njiani. Njiani palikuwa na mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni mmoja tu kwa kila kumi aliyesimama kumsaidia. Somo walilijua vizuri. Mazoea ya kusimama ndiyo yaliyokosekana.

Lakini wapo waliosimama. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak huko Mandera, Kenya, wapiganaji wa al-Shabaab walisimamisha basi wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa katakata. Kina mama walikuwa wamewapa Wakristo hijabu zao wajifunike. Mmoja wa abiria hao Waislamu, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Washika bunduki nao walidai wanaitetea dini, dini ileile ya Mwalimu Farah. Kwa hiyo kuuliza kama mtoto amelelewa kidini hakutoshi. Tuulize amezoezwa kumtendea nini asiye wa kwao.

Mazoezi hayo huanzia jikoni. Magharibi ya Ramadhani mtoto anatumwa kwa jirani Mkristo na sahani ya futari iliyofunikwa kawa. Krismasi, sahani inarudi na pilau. Mtoto huyo anajifunza kubisha hodi, kuamkia na kupokelewa. Lakini akirudi na kumsikia mama akisema chakula cha wale hakiliki, kimwagwe, sahani ile haijamfundisha kitu. Kwa maoni yangu, sentensi kama hiyo huharibu kazi ya mwaka mzima ya ustadhi au mwalimu wa Jumapili.

Ombi langu kwa walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili ni hili: kila muhula tengeni siku moja ya kuwapeleka watoto kumhudumia mgonjwa au mzee asiye wa dini yao. Nanyi wazazi, mwendelezo wake uwe nyumbani.