Mkasi na Panga

 

Asubuhi hii tunataka kuzungumza juu ya haibiskasi. Mnaifahamu hata kama hamjui jina lake: ule mmea wenye ua jekundu, pana kama kiganja, lenye ulimi mrefu unaotokeza katikati. Kati ya Ruiru na Thika utaiona penye malango ya nyumba na makanisa. Ua lake hufunguka asubuhi, na kwa kawaida kesho yake limekwisha kunyauka na jingine limechukua mahali pake. Wengi huipanda ili iwe ua wa kuzungushia nyumba. Kiswahili chetu kina mambo: ua ni hilo la kupendeza, ua ni huo uzio, na ukimwamuru mtu afishe kitu, utamwambia vilevile, ua!

Tulipohamia nyumba ya mchungaji huko Ruiru, tulikuta uzio wa haibiskasi uliopita kichwa cha mtu mrefu. Chini ulikuwa vijiti vitupu, na maua yalichanua juu kabisa, ambako ndege ndio waliyafurahia. Ilikuwa Januari, jua kali, na Jumapili tulitazamia wageni. Basi tukachukua panga, na kwa alasiri moja tukaufyeka uzio wote hadi kimo cha goti. Tulijisikia tumefanya kazi kweli kweli.

Mzee mmoja wa kanisa, aliyefanya kazi miaka mingi katika mashamba ya kahawa, alisimama langoni akatazama. Kisha akasema, "Mchungaji, huku si kupogoa. Umetema kuni."

Akaja akatuonyesha. Panga lilikuwa limepasua mashina, na nyuzi zake zikining'inia. Katika jeraha la namna hiyo ugonjwa huingia kwa urahisi. Mkasi mkali hukata safi. Tena hukati popote. Unatafuta jicho, yaani pale jani linapotokea, unakata juu yake kidogo, nawe unachagua jicho linalotazama nje, kwa sababu tawi jipya litakwenda kule jicho linakotazama, na katikati ya mmea pataingia hewa na mwanga. Unaanza na yaliyokufa, halafu yenye ugonjwa, halafu yale yanayosuguana. Mmea mzee usiondoe zaidi ya theluthi yake kwa mara moja: mwaka huu mashina machache yaliyo makongwe kabisa, mwakani mengine, na mwaka wa tatu utakuwa na mmea mpya bila kuuona uchi hata siku moja.

Na wakati wake? Mvua ndefu zinapokaribia, mwezi wa tatu, wala si katika kiangazi cha Januari. Haibiskasi huchanua kwenye matawi machanga; usipoikata kamwe, maua hukimbilia juu, na ukiikata kila mwezi ili iwe laini kama ukuta, unatupa machipukizi pamoja na maua ambayo yangetoka. (Hili tunawaambia hasa wazee wetu wa kamati ya majengo, kwa upendo.)

Ujuzi huo mzee aliupata katika kahawa. Ruiru ndiko kuliko kituo cha utafiti kilichotoa aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, mwaka 1985. Mkulima anapotaka kubadilisha mashina yaliyochoka, hukata mengine na kuacha shina moja lenye majani, ili mizizi iendelee kulishwa mpaka machipukizi mapya yapate nguvu. Siku hizi mashamba mengi ya huko yamekuwa mitaa ya nyumba, na wanaojua kazi hiyo wanazidi kupungua.

"Ninyi," alisema mzee, "hamkuacha hata shina moja la kupumulia."

Neno hilo lilituchoma, wapendwa, kwa sababu ambayo mzee hakuikusudia. Miezi michache kabla ya hapo baraza letu lilikuwa limeshughulikia habari ya kijana mmoja wa kwaya. Alikuwa amekula fedha za sare. Hazikuwa nyingi, lakini alizila, na alipoulizwa alisema uongo. Tulimaliza shauri lake kwa jioni moja. Tukamwondoa katika kwaya, tukamwondoa katika uongozi wa vijana, tukamwondoa katika kufundisha watoto Jumapili, na jina lake likasomwa mbele ya ushirika wote, mama yake akiwa ameketi benchi la tatu. Tulijisikia, siku ile pia, kwamba tumefanya kazi.

Kijana alihamia Thika.

Hatusemi kosa lisikatwe. Tawi lenye ugonjwa likiachwa, huambukiza mengine. Lakini fungueni Yohana mlango wa 15, mwangalie ni tawi gani mkulima analisafisha: ni lile linalozaa, naye ana shabaha, lizae zaidi. Katika Kiyunani neno hilo la kupogoa na neno la kuwa safi ni la ukoo mmoja. Tulifundishwa hayo chuoni, tukayaandika katika mtihani, tukapata alama. Na katika Luka 13, mtunza shamba la mizabibu anauombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie na kuutia samadi. Sisi hatukumwombea kijana wetu hata wiki moja.

Katika nchi zenye baridi kali iko haibiskasi ambayo mashina yake hufa yote wakati wa majira ya baridi, nayo huchelewa sana kuchipua kutoka mizizini. Wenye haraka huing'oa wakidhani imekufa. Uzio wetu nao ulikaa vigutu vikavu mpaka mwezi wa nne. Tulitaka kuung'oa tuweke waya. Mzee akatukataza. Alikwaruza gome kwa ukucha wake akatuonyesha rangi ya kijani chini yake. "Hiki kiko hai," akasema, akaenda kwa kingine. Vingine vilikuwa vya kahawia hadi ndani, na hivyo havikurudi. Leo uzio una mapengo mawili, na kila mgeni hutuuliza kulikoni.

Mama wa kijana hajawahi kutulaumu. Juzi tu, baada ya ibada, alituambia kwamba mwanawe ana kibanda cha kutengeneza redio na simu huko Makongeni, na kwamba jioni akifunga kazi hupiga gitaa. Akatutazama kidogo, akaenda zake.

Jumamosi hii, Mungu akipenda, tutapanda matatu kwenda Thika, sisi na yule mzee. Hatutabeba barua ya baraza. Mama ametupa mkungu wa ndizi tumpelekee. Tutakayomwambia tukifika mlangoni pake bado hatujayapata, maana sisi ndio tunaokwenda kuomba msamaha, na kazi hiyo hatukuizoea. Tuombeeni.

Kwaherini.